Masikio ya Mpira Yaliyokatwa Lodwar

Tangu nirudi nyumbani nimeisimulia safari hii vipande vipande: kipande jikoni kwa dada yangu, kipande nje ya kanisa, kipande kwenye foleni ya benki mpaka karani akaniita nikiwa katikati ya sentensi. Matokeo yake ni kwamba kila mmoja wenu ana habari yake, na mmoja wenu anaamini kuwa nilikatwa sikio. Sikukatwa. Masikio yangu yote mawili yapo. Yaliyokatwa yalikuwa ya mpira, na ndiyo nitakayoyaeleza hapa, taratibu, ili nisirudie tena.

Kwanza niieleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilikataa kupanda ndege. Mtoto asiyesikia vizuri hupewa kifaa cha kusikia. Kifaa hicho hushikiliwa na kiziba laini kinacholijaza tundu la sikio lake, na lake peke yake. Kiziba kikilegea, kifaa hupiga mluzi. Kikibana, mtoto hupata kidonda na kukitupa kifaa nyuma ya nyumba. Kwa hiyo kabla kiziba hakijatengenezwa, ninamjaza mtoto sikioni uji mzito wa rangi ya waridi. Huganda ndani ya muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha ninauvuta nje polepole. Kinachotoka kina kila kona na kila mkunjo wa sikio lile. Watoto wa Kakuma waliyaita "masikio ya mpira", nami nikaliacha jina langu la kitaalamu nikachukua lao.

Karakana ya Nairobi inayotengeneza viziba hivyo hupokea kazi ya bure ya watoto mara moja tu kila muhula. Safari hii siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Ambaye angeikosa angesubiri muhula ujao, na kwa mtoto aliyeanza darasa la kwanza, muhula mzima wa kuitazama midomo ya mwalimu bila kusikia kitu si jambo dogo. Ishikeni hiyo Ijumaa.

Kitale hadi Lodwar

Nilipanda basi la asubuhi. Jirani yangu alikuwa mama wa Lokichar aliyekuwa amepakata betri ya gari kama mtoto mchanga, ameifunga kwa leso ili asidi isimwagike. Kila basi lilipokata kona katika mteremko wa Marich aliilaza upande mwingine. Nilipomuuliza kwa nini hakuiweka kwenye buti aliniambia, "Huko chini wanatupa vitu. Yangu nashika mwenyewe." Nilicheka. Sikujua kuwa nilikuwa nikipewa ushauri.

Baada ya Kainuk tulisimama. Mbele yetu kulikuwa na laga, ule mto wa mchanga ambao kwa kawaida mbuzi huuvuka bila kulowa kwato, na sasa ulikuwa umejaa maji ya kahawia yanayokimbia na kubeba matawi. Juu yetu hakukuwa na wingu hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kwa watu wengine, na maji ndiyo yalikuwa yakituletea habari. Abiria mmoja kutoka Eldoret alitaka dereva ajaribu. Mama wa betri akamwambia, "Wewe shuka ukae. Huu mto haiishi hapa. Inapita tu."

Basi tukashuka tukakaa kwenye kivuli cha basi lenyewe, na kivuli kiliposogea tukasogea nacho. Mtu mmoja alikuwa na mahindi ya kuchemsha, mwingine njugu, mimi nilikuwa na chapati sita ambazo dada yangu alinilazimisha kubeba. Kabla maji hayajapungua tulikuwa tumejua nani anaoza binti na nani anakwenda kutafuta kazi. Yule wa Eldoret aliyekuwa na haraka kuliko wote ndiye aliyelala, na ikabidi aamshwe.

Lodwar nilipata chumba, nikaenda hotelini kula samaki wa ziwani. Niliagiza chai bila sukari. Mhudumu alinitazama kwa huruma, akaenda, akarudi na uji.

"Niliomba chai," nikasema.

"Wewe ni mgonjwa, mama. Kunywa hii kwanza."

"Si mgonjwa. Situmii sukari."

"Ndiyo hiyo ugonjwa," akasema, na meza ya jirani ikaniuliza imenianza lini. Niliunywa uji wote. Ulikuwa mtamu ajabu, kwa maana ulikuwa na sukari ya watu watatu.

Lodwar hadi Kakuma

Barabara ya Kakuma siku hizi ni lami, kwa hiyo sehemu hii ya safari haina kisa. Nilifika kabla joto halijapanda, nikapokewa na muuguzi wa kituo cha afya, mtu mtulivu ambaye muhula uliopita nilimfundisha kuwavisha watoto vifaa.

Kazi ilichukua siku mbili. Watoto tisa, wengine wa wakimbizi, wengine wa wenyeji wa mjini. Mgumu kuliko wote alikuwa Achol, msichana wa miaka saba kutoka Sudan Kusini, ambaye husikia mshindo wa mlango lakini hasikii jina lake. Aliamini kwamba uji ule ukiingia hautatoka tena. Alilia, akanipiga teke, na mwishowe mama yake akampakata akambana kichwa kifuani hadi nikamaliza. Nilipomtolea lile sikio la mpira alilitazama kwa hasira kana kwamba ndilo lililomuumiza.

Mama Achol anauza chakula karibu na soko: kisra, mkate mwembamba kama karatasi, na mchuzi wa bamia iliyokaushwa. Ni mwanamke mrefu, mwenye mzaha mkali na sauti ya kuita wateja walio mtaa wa pili. Jioni hiyo alinilisha hadi nikaomba msamaha.

"Kula, daktari."

"Mimi si daktari, Mama Achol. Ni fundi tu."

"Fundi ni wa viatu. Wewe umeingia ndani ya kichwa ya mtoto wangu. Kula." Kisha, bila mzaha, akaniuliza, "Hiyo sikio itafika Nairobi?"

Nikamwambia itafika. Kila jozi ilikuwa kwenye kisanduku chake chenye jina la mtoto kwenye kifuniko, kwa sababu wino haushiki kwenye mpira wenyewe. Visanduku vyote vilikuwa kwenye begi moja, nalo nililifunga kwa kamba. Nilikuwa na hakika kabisa.

Kiwanja nje ya Lodwar

Ndege ya Jumanne ya kunirudisha Nairobi ilikuwa ndogo, ya kukodi, na iliruka kutoka kiwanja kilicho nje ya mji. Kiwanja hicho sitakitaja jina, wala kampuni ya walinzi iliyokuwa zamu, kwa kuwa siandiki mashtaka. Begi langu lilichukuliwa mlangoni, likapita kwenye mashine, likaingia nyuma ya pazia. Sisi abiria tuliambiwa tusubiri kwenye banda. Nikasubiri, nikanywa soda.

Liliporudishwa niliona kwamba kamba imefungwa fundo ambalo si langu. Nikalifungua papo hapo, juu ya saruji. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na masikio mawili ya kulia. Cha pili kilikuwa na sikio kubwa na dogo. Katika cha tatu kulikuwa na sikio lililopasuliwa katikati kwa wembe kama embe. Nilipomaliza kufungua nilikuta matano yamepasuliwa, na yaliyobaki yamechanganyika.

Mtaniuliza kama nisingeweza kuyapanga tena kwa macho. La kulia na la kushoto naweza kuyatenganisha. Lakini masikio ya watoto wa umri mmoja hufanana mno, na ukikosea unampa mtoto kidonda badala ya sauti. Njia ya uhakika ni kulirudisha kila moja kwenye sikio lililolizaa, na masikio hayo yalikuwa Kakuma.

Nilikwenda mezani kwa mkubwa wa zamu, mzee mnene aitwaye Erupe, nikauliza nani amefungua begi langu. Alinyoosha kidole ukutani, kwenye kibao kilichosema kwamba mizigo hukaguliwa bila lawama kwa mkaguzi.

"Soma pale, mama."

"Nimesoma, mzee. Kibao hakina mikono. Mimi nauliza mikono ya nani."

"Ukaguzi ni ya kila mtu."

"Nani kati ya kila mtu?"

Wakaguzi wawili waliokuwa kwenye mashine waliendelea kukikodolea macho kioo kana kwamba ndani yake kulikuwa na fainali. Abiria mmoja nyuma yangu akaanza kulalamika: "Mama, si upande tuende? Hii joto itatuua!" Nikauliza mara ya tatu, kwa sauti ileile. Hiyo ndiyo silaha pekee niliyonayo, na dada yangu atawaambia inavyochosha.

Pazia likafunguka, akatoka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Alikuwa anavua glavu.

"Ni mimi," akasema.

"Akiru," Erupe akamwambia polepole, "hakuna mtu amekuuliza."

"Ameuliza, mkubwa. Mimi nilikuwa hapo nyuma nasikia."

Akaja akasimama mbele yangu. Akanieleza kwamba siku si nyingi zilizopita walimkamata mtu aliyeficha dhahabu ndani ya vipande vya sabuni. Wale mnaoijua Turkana mnajua kwamba dhahabu huokotwa huko mitoni na vilimani, na kwamba wako wanaotaka kuipitisha kimyakimya. "Hii yako kwa mashine ilikuwa madonge madonge, imejificha kwa visanduku kama pete. Nikasema ndiyo hii. Nikakata moja, hakuna kitu. Nikasema labda ni ingine. Nikamwaga yote kwa meza. Halafu wakasema ndege iko tayari, nikarudisha haraka haraka."

"Na kuniita?"

Hapo ndipo alipoinamisha macho. "Sheria inasema mwenye begi akuwe hapo. Sikukuita. Nilidhani nitamaliza kabla ujue. Hiyo ni makosa yangu, si ya mashine."

"Unajua umekata nini?"

"Nilidhani dawa ya kuziba bomba."

Nikamweleza, kama nilivyowaeleza nyinyi. Nilipofika kwenye neno "watoto" alichukua lile sikio lililopasuliwa akajaribu kuzibananisha pande zake mbili kwa vidole. Ziliachana. Akajaribu tena.

Ndege ikawasha injini. Ningeweza kupanda, nikaipa karakana mchanganyiko ule na kuomba wabahatishe. Nilimtazama yule abiria wa joto akikimbia kuelekea ngazini, nami nikabaki.

"Hao watoto wako wapi?" Akiru akauliza.

"Kakuma. Na ndege ijayo ni Alhamisi. Karakana inafunga Ijumaa."

"Basi twende."

Erupe alikohoa. "Ukienda, ni kwa siku zako za mapumziko. Na usiseme umetumwa na ofisi."

"Sijatumwa, mkubwa," akasema. "Naenda."

Kurudi Kakuma

Tulipata nafasi nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa magodoro. Sijawahi kusafiri nimelala vizuri hivyo nikiwa na wasiwasi hivyo. Tairi lilipasuka nje kidogo ya mji, na dereva hakuwa na jeki, kwa hiyo tulingoja wenye magari mengine. Kila aliyesimama alikuwa na jeki isiyofaa na ushauri unaofaa. Akiru alishuka akasukuma mawe chini ya gari, sare na yote, akarudi juu ya magodoro akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Nilimuuliza kwa nini amekuja. Nilitaka kujua kweli. Angeweza kunipa pole pale kiwanjani na ingetosha. Wengi hata pole hawatoi.

"Mbuzi yako ikivunja kibuyu ya maziwa ya jirani," akasema, "hutumi mtu aseme pole. Kwetu baba angekupiga. Unaenda mwenyewe. Unakaa chini, wanasema yao yote. Hujibu. Hata wakisema mambo ya nyanya yako, hujibu. Wakimaliza kabisa, ndiyo unauliza, sasa nifanye nini?"

"Na wakisema siku nzima?"

"Basi unakaa siku nzima. Ni wao walipoteza maziwa."

Nilifikiria ofisi ngapi nimewahi kuingia zenye vibao ukutani, na namna ambavyo hakuna hata moja iliyowahi kukaa chini nimalize kusema.

Kakuma, Jumatano

Muuguzi aliwaita wazazi asubuhi. Walikuja wakidhani viziba vimeshatengenezwa, na mama mmoja alikuwa amemvalisha mwanawe viatu vipya. Nikawaeleza kilichotokea bila kukipunguza wala kukikoleza. Kisha Akiru akasogea mbele, akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Ni mimi nilikata," akasema, na baada ya hapo hakusema tena.

Wao walisema. Mama mmoja Mkongo alisema, "Ni huyu ndjo alikata masikio ya batoto betu? Huyu mwenye kukaa kama malaika?" Baba mmoja wa Kiturkana alimsema kwa Kiturkana kwa muda mrefu, na sikuhitaji mkalimani, kwa kuwa nilimwona Akiru akimeza mate. Mama Achol alisema kuliko wote. Alimuuliza kama kwao wanakata vitu kwanza ndipo wanauliza jina. Alimuuliza kama mtu akipita na mtoto mgongoni atampasua aone kama ana dhahabu. Akamwambia kwamba kuna siku atakuja kuuza kisra kiwanjani hapo, na akiona mkono wa Akiru unakaribia sufuria, atausonga pamoja na unga. Watu wakacheka, na mama wa viatu vipya, ambaye alikuwa akilia, akacheka pia. Akiru hakuinua kichwa. Walipomaliza kabisa akauliza, "Sasa nifanye nini?"

Nikatoa jibu langu. Masikio mazima tungeyajaribu kwa kila mtoto mpaka kila moja lipate mwenyewe, naye angenishikia taa. Matano yaliyokatwa yangefanywa upya. Tatizo lilikuwa ule uji wa waridi. Niliobaki nao ulitosha masikio matano na moja la akiba, na hilo la akiba lilikuwa la mtoto atakayetikisa kichwa katikati ya kazi.

Na mtoto huyo tulimjua. Masikio mazima yalipopata wenyewe, ilibainika kwamba mawili kati ya yaliyokatwa yalikuwa ya Achol. Aliponiona tu na bomba langu la kujazia uji alikuwa ameingia chini ya benchi, akaushika mguu wa benchi kwa mikono miwili. Mama yake alimvuta, nami nikamvuta, tukashindwa.

"Hatakubali," nikasema. "Nikimlazimisha atatikisika, na sina wa kurudia."

Mama Achol alifikiri, mikono kiunoni. Kisha akamwelekezea Akiru kidevu. "Weka huyu kwanza. Mtoto aone."

"Mama Achol, nimebaki na akiba ya sikio moja tu."

"Daktari, wewe unaogopa atatikisika. Akiona huyu, hatatikisika. Hiyo akiba unaitunza ya nini?"

Akiru tayari alikuwa amesogeza kiti na kuondoa nywele sikioni. Nikakaa na bomba mkononi. Nakiri kwamba mkono wangu haukutaka. Kisha nikamjaza sikio la kulia, na Mama Achol akaliziba la kushoto kwa kiganja chake kipana.

"Unasikia?" Mama Achol akamuuliza kutoka nyuma.

Akiru hakujibu. Alitabasamu kidogo tu, tabasamu la mtu asiyejua kinachoendelea. Basi Mama Achol akaanza upya matusi yake. Mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Kiarabu cha Juba, na chumba kizima kikaangua kicheko. Akiru akawa anageuza macho huku na huku, akicheka kwa kuwa wengine wanacheka, akitazama kila uso kuona kama yeye ndiye anayechekwa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na ule uso ninaujua. Ni uso wa kila mtoto wangu siku ya kwanza.

Achol naye aliujua. Alitoka chini ya benchi. Alisimama mbele ya Akiru akamtazama kwa makini, akamvuta mkono wa shati. Akiru alipomwinamia, Achol alimshika kidevu akakigeuza taratibu upande wa mama yake, kisha kwa kidole kimoja akamwonyesha midomo. Pale. Tazama pale.

Kicheko kikaisha chenyewe. Mama Achol alikuwa katikati ya tusi, akalimeza.

Uji ulipoganda nililitoa sikio la Akiru, kubwa, zima, nikalitia mkononi mwa Achol. Alilipindua mara mbili. Kisha akapanda kwenye kiti mwenyewe, akakaa wima, akashika kidole cha Akiru, wala hakutikisika.

Jua lilipoelekea kuchwa kila sikio lilikuwa kwenye kisanduku chake, hata lile la Akiru, ambalo Achol alilitia mwenyewe kwenye kisanduku cha akiba. Mama Achol alileta sinia la kisra, akaliweka mbele ya Akiru kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kula. Si unapenda kukata? Kata hiyo."

Lodwar hadi Nairobi

Alhamisi mchana nilimkuta Akiru, aliyetangulia kurudi usiku uleule, getini, juani, akiyafungulia magari. Walikuwa wamemtoa kwenye mashine baada ya yeye mwenyewe kwenda kueleza kwa wakubwa wa kampuni yote aliyofanya, pamoja na lile la kutoniita, ambalo mimi sikuwa nimelipeleka popote.

"Kwa muda gani?" nikamuuliza.

"Mpaka waseme." Akanyanyua mabega. "Walimaliza kusema yao. Nilikaa tu."

Begi langu safari hii lilikaguliwa na Erupe mwenyewe. Alitoka nje ya pazia, akaita, "Mwenye begi hii aje hapa," na akalifungua nikiwa nimesimama bega kwa bega naye. Aliinua kifuniko kimoja kimoja, kama mtu anayetazama vifaranga. Cha mwisho kilikuwa na sikio moja tu, kubwa.

"Na hii? Hii si ya mtoto."

"Ni la Akiru. Mtoto aliogopa, kwa hiyo yeye alikubali kuwekwa kwanza."

"Mbele ya wale wamama?"

"Mbele yao wote. Baada ya kumsema."

Erupe alitazama nje, kuelekea getini. Alifunga kifuniko. "Mimi singekaa," akasema, kwa sauti ndogo, kisha akalipiga begi mhuri na kuita mwenye begi lililofuata. Nilisikia akiita mmoja baada ya mwingine hadi nilipofika kwenye ngazi. Kibao kilikuwa bado kipo ukutani.

Nawaambia haya kwa sababu baadhi yenu mlisema yule mwanamke angefukuzwa kazi na habari iishe. Mimi sioni hivyo. Sitaki mkaguzi anayeogopa kufungua begi. Dhahabu ndani ya sabuni ni jambo la kweli, na kuna mabaya kuliko dhahabu. Ninachotaka ni kwamba anapolifungua niwepo, na akiharibu, kuwe na mtu mwenye jina atakayesema "ni mimi". Nanyi mkisafiri, simameni karibu na mzigo wenu. Mkikuta fundo si lenu, fungueni hapohapo kabla hamjaondoka. Ulizeni nani, na mkijibiwa kwa kibao, ulizeni tena, bila matusi. Huenda nyuma ya pazia yupo mtu anayesikia.

Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye mlango wa karakana. Fundi alipokea visanduku, akavihesabu, akaniuliza kama safari ilikuwa njema. Nikamwambia ndiyo.

Nyumbani

Viziba vilipokuwa tayari vilirudishwa kwa ndege ileile hadi Lodwar, na muuguzi ndiye angewavisha watoto. Nilikuwa nikimenya viazi simu ilipolia.

"Daktari!" Ilikuwa ile sauti ya mtaa wa pili. "Huyu mtu wako wa mashine ni mwizi!"

Kisu kikaniponyoka. "Ameiba nini?"

"Neno! Ameiba neno!"

Nilimwomba aanze mwanzo, akaanza. Akiru alikuwa ameupokea mzigo kiwanjani, akaomba siku yake ya mapumziko, akaupeleka Kakuma mwenyewe. Alifika akaukumbatia, akakataa mtu kuufungua mpaka mzazi wa mwisho awe amefika, hata muuguzi alipomwambia kwamba wa mwisho huchelewa siku zote.

"Tukafungua. Achol akavishwa. Mimi nimejipanga, daktari! Nimevaa nguo ya kanisa. Nimesema leo nitamwita jina yake na atageuka. Halafu nikakumbuka mchuzi iko kwa jiko. Nikaenda kidogo, kidogo tu! Kurudi, nakuta huyu amekaa chini mbele ya mtoto, anamwambia Ejok, ile salamu yao. Na mtoto anamjibu Ejok! Wazi hivi! Miaka saba mimi naita Achol, Achol, na neno ya kwanza anasikia ni ya Mturkana!"

"Malesh, Mama Achol," nikamwambia, neno lake mwenyewe la pole. "Na wewe je, hukumwita?"

"Nimemwita."

"Akageuka?"

Ile sauti ya mtaa wa pili ikashuka.

"Amegeuka," akasema. "Lakini hakukaa. Ametoka nje, anasalimia watu nyumba kwa nyumba, Ejok, Ejok, hata mbuzi amesalimia. Nimemwita aje kula, amegeuka tena, amenitazama vizuri, amekataa. Daktari, huyu mtoto ananisikia na anakataa!"

Nikamwambia hiyo ndiyo dalili kwamba kiziba kimemkaa sawasawa.